Hotuba Iliyoua Figo

Ipo nchi moja, msiniulize iko upande gani, inaitwa Jamhuri ya Heko. Ni nchi yenye bahati. Haina barabara nyingi, lakini kila iliyopo imezinduliwa mara tatu. Visima vyake havitoi maji kila siku, ila vyote vina mabamba ya marumaru yenye jina la aliyevifungua. Waheko ni watu wapole, wanajua kupiga makofi kabla ya kuambiwa, na wamejaliwa viongozi ambao hawajakosea hata siku moja. Wanaokosea ni wasaidizi wao.

Sheria kubwa kuliko zote za Heko haikuandikwa popote, na kila mtu anaijua. Agizo likitolewa uwanjani mbele ya wananchi, haliwezi kufutwa ofisini. Aliyelitoa lazima arudi uwanjani yeye mwenyewe, ashike kipaza sauti, alifute, na ataje sababu. Kwa kuwa hakuna kiongozi aliyewahi kupenda kutaja sababu, maagizo ya Heko hayajawahi kufutwa. Ndiyo maana mbuzi wa mji mkuu wanavishwa kaptula mpaka leo, na hakuna anayekumbuka ilianzaje.

Katika nchi hiyo aliishi Daktari Chiku Mwinjaka, mpasuaji wa figo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na vidole virefu, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuendesha roboti ya upasuaji ambayo serikali ilikuwa imeinunua kwa mbwembwe nyingi. Roboti hiyo ilikuwa na mikono minne myembamba, kwa hiyo wananchi wakaiita Mikono Minne. Daktari hukaa kwenye kiti pembeni, uso ameuzamisha kwenye kioo chake, vidole kwenye vishikio, na kila anapokunja kidole, mkono wa chuma unakunja vilevile ndani ya tumbo la mgonjwa, kupitia vitundu vidogo. Mtu mwenye uvimbe mdogo kwenye figo hakuwa tena na haja ya kutolewa figo nzima. Unakatwa uvimbe peke yake, panashonwa, na figo inabaki ikifanya kazi.

Kuna hatua moja tu ya kutisha. Kabla ya kukata, mshipa unaopeleka damu kwenye figo unabanwa kwa kibano, mgonjwa asije akavuja damu. Kuanzia hapo figo inakaa bila damu, na huvumilia kama nusu saa hivi. Ukizidisha sana, inakufa.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Profesa Balozi Kanali Mstaafu Pantaleo Ndomondo, alipokuja kuikagua mashine, aliuliza swali la akili.

"Daktari, katika shughuli yote hii, ni wapi hasa penye uzito?"

"Pale mshipa unapobanwa, Mheshimiwa. Hapo hata kupumua tunapumua kwa woga."

"Hapo hapo!" Waziri akapiga paja lake. "Hapo ndipo nitakapohutubia."

Chiku alidhani ni mzaha. Jumamosi yake Waziri akapanda jukwaani uwanjani, akafuta jasho, akasema: "Ndugu wananchi! Barabara ina utepe. Kisima kina bomba. Je, figo ina nini? Tumewanyima wananchi wetu uzinduzi wa figo kwa muda mrefu mno! Kuanzia leo naagiza: mshipa ukishabanwa, kila kitu kisimame, mgeni rasmi alihutubie taifa. Na atakapokuwa anahutubia, pasiwe na mkono wa mtu wala wa mashine utakaotikisika. Hiyo ndiyo heshima!" Uwanja ukalipuka kwa makofi. Jumatatu mafundi wa Wizara wakaja hospitalini, wakaiunganisha roboti na kipaza sauti, ili kipaza sauti kikiwashwa mikono yote minne igande palepale ilipo.

*

Mgonjwa wa kwanza baada ya agizo hilo akawa baba yake Chiku. Haukuwa upendeleo. Mzee Mwinjaka, mshona magodoro, alikuwa na uvimbe usiozidi ndimu changa kwenye figo yake ya kulia, na ile ya kushoto ilikuwa imesinyaa tangu utotoni, haifanyi kazi yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimtoa figo nzima umemmaliza. Mashine ile ilikuwa imekuja kwa ajili yake hasa.

"Inashona yenyewe au unashona wewe?" mzee aliuliza akiwa kitandani.

"Nashona mimi, baba. Yenyewe inanifuata tu."

"Haya. Leo tutajua kama mkono wako umetoka kwangu au kwa mama yako."

Chiku alikwenda kumbembeleza Waziri. Alimweleza kwamba figo ni moja, kwamba muda ni mfupi, kwamba akipenda ahutubie kabla, ahutubie baada, ahutubie hata juma zima. Waziri alimsikiliza kwa upole sana. "Daktari," akasema, "usiniletee siasa kwenye shughuli ya kitaifa. Nitasema maneno matatu tu."

Siku yenyewe Waziri alifika chumba cha upasuaji amechelewa, akiwa na kamera, tarumbeta na Afisa Itifaki. Uwanjani watu walikuwa wamejaa, wakitazama kwenye kioo kikubwa. Chiku alijaribu kuchelewesha kubana, lakini Afisa Itifaki alikuwa amekodoa macho kwenye kioo, akamwambia kwamba Waziri hawezi kuanza mpaka mshipa ubanwe, na operesheni haiwezi kuendelea mpaka Waziri aanze. Chiku akabana. Kipaza sauti kikawashwa. Mikono minne ikaganda ndani ya tumbo la baba yake.

Waziri akawasalimu viongozi wa dini, wa mila, wa michezo na wa vyama rafiki. Akaeleza historia ya figo. "Hata enzi za mkoloni tulikuwa na figo," alinguruma, "lakini zilikuwa figo za kikoloni! Zilikuwa zikichuja kwa faida ya nani? Leo tuna figo huru!" Makofi. Chiku, macho kwenye kioo chake, aliiona figo ya baba yake ikianza kupoteza rangi.

"Mheshimiwa, figo inakufa!" alipiga kelele.

Waziri akamgeukia, akatabasamu kwa kamera. "Mnaona wananchi? Hata Daktari ameshindwa kujizuia kwa furaha. Nyamaza kidogo, mama, namalizia."

Muuguzi wa Chiku, Sista Leokadia, alinyoosha mkono wenye koleo refu la kupenya kwenye kitundu, akifungue kibano mwenyewe. Afisa Itifaki akamdaka kifundo cha mkono, akamshikilia mpaka mwisho. Na mwisho haukuja upesi, kwa sababu Waziri alikuwa bado hajafika kwenye uchaguzi mkuu, na alipofika akakaa huko.

Jioni Wizara ikatangaza kwamba operesheni imefana, figo imebaki mahali pake. Ilikuwa kweli. Ilikuwa mahali pake, imekufa. Mzee Mwinjaka akaanza kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, iliyofanya kazi siku ambazo hapakuwa na mgeni wa kuitembelea.

"Chiku mwanangu," aliuliza siku moja, amevimba miguu na uso, "yule bwana alikuwa anasema nini muda wote ule? Wenzangu wodini wananiambia aliongea sana."

"Alikuwa anakupongeza, baba."

"Mimi? Kwa lipi?"

Chiku akamfunika miguu. Mzee alifariki kabla ya mvua za masika, na Wizara ikaleta shada kubwa la maua. Aliyetumwa kulichukua alikuwa amekosea rafu, kwa hiyo utepe wake uliandikwa HONGERA KWA MAFANIKIO. Halikurudishwa, kwa sababu lilikuwa limekwisha kupokelewa mbele ya kamera.

Chiku hakulia msibani. Alikaa jamvini akilitazama shada lile, na moyoni akasema mambo ambayo daktari hatakiwi kuyasema. Alitaka kumlipa yule mtu. Hakutaka tume, maana tume za Heko huchunguza mpaka mlalamikaji afe. Alitaka kumlipa mwenyewe, na alitaka mlipwaji ajue analipwa kwa ajili gani.

*

Wagonjwa wengine walipita njia hiyohiyo kabla habari hazijaenea. Baadaye watu wakaanza kuikimbia Mikono Minne, wakawa wanaomba wapasuliwe kwa kisu cha zamani na kutolewa figo nzima, mradi wasihutubiwe. Roboti ikabaki kukata keki kwenye sherehe za Wizara. Ilikata vizuri, vipande sawasawa, na picha zake zikapendeza.

Kisha siku moja Waziri akaenda kuzindua mashine mpya ya kupiga picha za tumbo. Kwa kuwa alipenda vitendo, alijilaza mwenyewe kitandani mbele ya kamera, fulana imepandishwa, kitambi kimepakwa mafuta, akisema, "Mnaona wananchi, haiumi!" Fundi wa mashine alikuwa akicheka naye. Halafu akaacha kucheka. Taifa zima liliona kwenye televisheni jinsi alivyosogeza kile kidude upande wa kushoto, akanyamaza, akakisogeza upande wa kulia, akanyamaza zaidi.

Uvimbe ulikuwa mmoja kila figo. Kila mmoja mdogo, na kila mmoja wa kutolewa.

Zamani ingekuwa jambo jepesi. Viongozi wa Heko walikuwa wakitibiwa nje hata mafua. Lakini mwezi uliotangulia Mkuu wa Nchi alikuwa amesimama uwanjani akasema kwa majivuno kwamba nchi yenye roboti haiombi tiba, na kiongozi atakayekwenda kutibiwa nje asirudi. Aliyemwomba Mkuu atoe tamko hilo alikuwa Pantaleo Ndomondo.

*

Waziri akaja ofisini kwa Chiku peke yake, bila tarumbeta.

"Chiku mwanangu," alianza.

"Daktari Mwinjaka," Chiku akamsahihisha. "Aliyekuwa akiniita mwanangu ni mtu mwingine."

Chiku akamweleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza mgonjwa yeyote. Wataanza na figo ya kushoto. Akipona vizuri watafanya ya kulia. Uvimbe ni wa kukatwa peke yake, figo zote mbili zinaweza kubaki zikiwa nzima.

"Na hotuba haitakuwepo, bila shaka."

"Ni agizo lako, Mheshimiwa."

"Nimelifuta. Hapa hapa, sasa hivi."

"Hapa ni ofisini."

Waziri akatoa leso. "Unataka nini, Daktari?"

"Nenda uwanjani. Lifute, utaje sababu. Sababu unaijua. Sema uliongea mpaka figo ya Mzee Mwinjaka ikafa, na kwamba ulionywa ukaniambia ninyamaze."

"Nikisema hivyo nimekwisha kisiasa! Uchaguzi uko mlangoni!"

"Basi ahutubie mgeni rasmi."

Waziri alikaa akiwaza, na polepole uso ukamchangamka. Alikuwa mtu wa mbinu. "Mgeni rasmi nitamchagua mimi. Naibu wangu, Hiza Mpalule. Kijana wangu, nimemtoa mbali, haniangushi. Atasema 'ahsanteni' akae." Akatoka akipiga mluzi.

Chiku alibaki peke yake ofisini. Alimfahamu Hiza Mpalule, kama kila mtu alivyomfahamu, isipokuwa bosi wake. Alikuwa naibu kwa miaka mingi kupita kiasi, na alikuwa akikitazama kiti cha uwaziri kila kikao jinsi paka anavyotazama bucha. Chiku angeweza kumwita Waziri arudi amwambie hivyo. Hakumwita. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimpanda hadi kooni, ikamfanya acheke peke yake mlango ukiwa umefungwa.

*

Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Pantaleo Ndomondo akalazwa kwenye chumba cha upasuaji, akalala usingizi wa dawa akitabasamu. Mikono minne ikaingia tumboni mwake. Chiku akaufikia mshipa, akaubana taratibu. Naibu Waziri Hiza Mpalule, suti mpya, akawasha kipaza sauti. Kila kitu kikaganda.

"Ndugu wananchi," Hiza akaanza, sauti inatetemeka kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi. "Mheshimiwa aliniomba niseme neno moja tu. Unyenyekevu ulioje! Lakini je, mtu mkubwa kama huyu wa kusemewa neno moja? Ningeweza kusema itifaki imezingatiwa. Nasema hapana! Leo itifaki nitaitaja, mmoja mmoja!"

Akaitaja. Alipomaliza itifaki akageukia maisha ya Waziri, akaanza na kuzaliwa kwake, mvua iliyonyesha siku hiyo na jina la mkunga. Uwanjani watu walikuwa wakilia. Mkuu wa Nchi mwenyewe alionekana akijipangusa jicho.

Chiku aliiona figo ya Waziri kwenye kioo, imekuzwa, kila mkunjo unaonekana. Aliiona ikififia, kisha ikigeuka ya kijivujivu, vilevile kama ile nyingine.

"Daktari," Sista Leokadia alinong'ona, "tufanye kitu."

"Tunafanya, Sista. Tunasikiliza."

Sista akakiangalia kifundo cha mkono wake. Akakunja mikono kifuani, akasikiliza naye.

Hiza alikuwa bado anamsomesha Waziri darasa la pili wakati Afisa Itifaki, aliyekuwa ameanza kuelewa, alipojikohoza. Hiza akasema mtu asimkatishe kwa sababu mapenzi hayakatishwi. Alipomaliza kabisa, Chiku aliukata uvimbe akaishona figo ile iliyokufa kwa mshono safi, hatua kwa hatua, hakuna alichoruka. Mkuu wa Nchi aliguswa mno na hotuba, akamteua Hiza kuwa Waziri palepale uwanjani.

*

Pantaleo alipozinduka, Chiku alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Figo yangu?"

"Imekufa."

"Hiza!" Akataka kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Yule mwanaharamu! Aliahidi!"

"Alikusifu sana, Mheshimiwa. Sasa hivi ndiye Waziri."

Mzee yule akalia. Alilia kwa sauti, makamasi yanatiririka, na Chiku akamwacha alie bila kumpa hata pamba ya kujifutia. Alipotulia akauliza kwa sauti ndogo:

"Na hii ya kulia?"

"Uvimbe upo palepale. Tukiutoa vizuri, utaishi. Mheshimiwa Hiza ameshaomba kuwa mgeni rasmi. Anasema safari hii ataanzia kwa babu yako."

Pantaleo Ndomondo akafumba macho. "Nipeleke uwanjani," akasema.

Walimpeleka kwenye kiti cha magurudumu, na Chiku ndiye aliyekisukuma. Waziri mpya alijaribu kumnyima kipaza sauti, lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona, na hakuna Mheko asiyeijua sheria ile. Akapewa.

"Ndugu wananchi. Kuhusu lile agizo la hotuba wakati wa operesheni. Kulijitokeza changamoto za hapa na pale katika utekelezaji..."

Chiku akainama hadi sikioni kwake. "Jina, Mheshimiwa."

Kipaza sauti kilichukua pumzi zake zote.

"Mzee Mwinjaka," akasema. "Mshona magodoro. Alikuwa na figo moja. Nilihutubia mpaka ikafa. Daktari alinionya, mimi nikamwambia anyamaze. Nalifuta agizo hilo."

Kwa mara ya kwanza tangu Heko iwe nchi, uwanja haukupiga makofi. Mwanamke mmoja akasimama kwenye jukwaa la juani, akapaza sauti: "Na mume wangu? Kombo Mtengeti! Mtaje!" Mwingine akasimama, akataja jina la dada yake. Halafu mzee mmoja, jina la mwanawe. Majina yakawa yanatoka kila upande. Pantaleo akageuka, akaomba kwa macho arudishwe wodini. Chiku alikuwa ameshafunga breki ya kiti. Ikabidi Pantaleo akae pale akisikiliza mpaka mtu wa mwisho aliyekuwa na ndugu wa kutajwa alipomtaja.

*

Operesheni ya pili ilifanyika bila mgeni. Dawa ya usingizi ilipokuwa inaandaliwa, Pantaleo aliushika mkono wa Chiku.

"Nimesema yote uliyotaka. Yamekwisha sasa kati yetu, Daktari?"

"Hapana," Chiku akamjibu. "Vuta pumzi."

Macho yakamtoka. Alitaka kusema jambo, akataka kukataa, lakini dawa ilikuwa imekwisha kuingia, na usingizi ukamchukua akiwa na hofu ile ile usoni.

Chiku akakaa kwenye kiti chake. Akabana mshipa, akaukata uvimbe wote pamoja na ukingo mwembamba wa nyama yenye afya, akashona, akafungua kibano mapema kabisa. Damu ikarudi. Figo ikachukua rangi yake. Hapakuwa na aliyesema neno, na katika kimya kile alijua ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kwamba mkono huu ulikuwa umetoka kwa baba yake. Hapo ndipo alipolia, uso ukiwa bado ndani ya kioo.

Waheko wakamsifu sana kwa huruma yake. Walisema amemsamehe adui, wakataka kumpa nishani. Hawakumjua. Baba yake alikuwa amekaa miezi yake ya mwisho bila kukojoa hata tone, akilia kwa aibu kila muuguzi alipopita na chombo cha mkojo. Chiku alimwachia Pantaleo Ndomondo figo nzima, inayochuja vizuri, apate kuishi miaka mingi sana. Siku ya kumruhusu kwenda nyumbani alimwambia hivyo kwa maneno hayohayo, mbele ya mkewe na watoto wake, na akamtaka kila aendapo chooni, mchana na usiku, mpaka uzeeni, asimame hapo akojoe huku akilitaja jina la Mzee Mwinjaka.

Mkewe anasema mpaka leo humsikia analitaja.